Mgeni wa Gokseong na hatia ya wenyeji

Mwaka 2025 mitaa ya Myeong-dong na Daerim-dong jijini Seoul ilipitiwa na maandamano ya watu waliobeba bendera na mabango ya kuwatukana Wachina. Kelele ziliongezeka serikali ya Korea Kusini ilipoanza, tarehe 29 Septemba, kuruhusu makundi ya watalii kutoka China kuingia bila viza, na Rais Lee Jae-myung aliyakemea maandamano hayo hadharani. Tangu hapo, mazungumzo ya sinema ya Korea yakifika kwenye filamu za kutisha, hukosi kumsikia mtu akisema: si mliona wenyewe? Filamu zao zimejaa Mjapani anayekula nyama mbichi msituni, pepo wa samurai aliyezikwa mlimani, Mmarekani anayeagiza sumu imwagwe mtoni. Taifa linaloogopa wageni limeipiga picha hofu yake, wanasema, kisha likatuuzia tiketi. Naipinga hoja hii, na naipinga kwa sababu inawapa lawama wasiostahili na kuwaachia wanaostahili. Filamu bora za kutisha za Korea zinamweka mwenyeji kizimbani. Zinamuuliza alijuaje, alisikia kwa nani, aliufanyia nini uvumi aliouokota, na nani hasa alifungua mlango. Chuki halisi kwa wageni ipo katika sinema ya Korea, tena tele, lakini imejificha katika filamu za aina nyingine ambazo hakuna anayezihoji kwa kuwa hazina mizimu.

Tuanze na ile inayotajwa kuliko zote, The Wailing ya mwongozaji Na Hong-jin, iliyotoka 2016 na kutazamwa na zaidi ya watu milioni 6.8 katika majumba ya sinema ya Korea. Mahali ni Gokseong, wilaya halisi katika mkoa wa Jeolla Kusini, yenye milima, ukungu na mvua. Watu wanatokwa na vipele, wanapandwa na wazimu, wanaua jamaa zao wa nyumba moja. Maelezo rasmi ni kwamba wamekula uyoga wenye sumu. Lakini kuna mzee wa Kijapani anayeishi peke yake msituni, hana jina, hana ukoo, hakuna ajuaye alifuata nini huko, na uvumi hauhitaji zaidi ya hayo. Angalia jinsi mwongozaji anavyoujenga uvumi huo hatua kwa hatua. Askari Jong-goo haoni kitu. Anasimuliwa na askari mwenzake, ambaye naye amesikia kwa watu; mwindaji mmoja anaapa alimkuta mzee akiwa uchi, macho mekundu, akitafuna paa. Jong-goo anacheka. Kisha anaota hayohayo usiku, na kuanzia hapo ndoto inasimama mahali pa ushahidi. Msomaji wa pwani yetu anayekumbuka habari za mumiani, jinsi wazima moto na maofisa wa kikoloni walivyosemwa kuwa wanakamata watu na kuwanyonya damu, hatahitaji kufundishwa jinsi maneno yanavyopanda ngazi kutoka “wanasema” hadi “nimeona”.

Kutoka hapo filamu inafuata mwendo wa mwenyeji. Jong-goo anapanda kwa mzee yule na mwenzake, wakimchukua shemasi kijana anayejua Kijapani awe mkalimani. Wanapekua nyumba ya mtu bila hati yoyote. Wanakuta picha za waliokufa na kiatu cha binti yake Jong-goo, na hapo hofu ya baba inaeleweka, sitaibeza. Lakini anaporudi anavunja vitu vya mzee, anamuua mbwa wake na kumwamuru aondoke. Baadaye anakusanya marafiki, wanabeba zana za shamba, wanapanda gari na kumwinda mlimani, na mwili wake unapoangukia gari lao kwenye mvua wanautupa bondeni, wanakubaliana wanyamaze. Karibu na mwisho Jong-goo anamuuliza mwanamke aliyevaa nguo nyeupe kwa nini haya yamempata binti yake. Jibu analopewa ni kwamba baba wa mtoto alitenda dhambi: alimshuku mtu, akajaribu kumuua, mwishowe akamuua. Jong-goo anajitetea kwamba mtoto wake ndiye aliyetangulia kuugua. Nimekaa na mabishano hayo mafupi muda mrefu kuliko na tukio lolote la damu katika filamu ile. Mtu mzima, askari wa serikali, anasimama barabarani usiku akibishana juu ya kilichotangulia, ugonjwa au shaka, na filamu haimpi ushindi.

Wapinzani wangu wana jibu hapa, na ni jibu lao lililo bora. Wanasema: lakini mwishoni yule mzee anageuka ibilisi waziwazi, pangoni, mbele ya macho yetu. Kwa hiyo kijiji kilikuwa sahihi, na mtazamaji anatoka ukumbini akiwa amethibitishiwa kwamba mgeni alikuwa shetani tangu mwanzo. Hoja hii ina uzito. Sitadai kwamba Na Hong-jin anamsafisha mzee; hamsafishi, na kamera anayoishika mzee pangoni inamuunganisha na picha za waliokufa. Ninachosema ni kwamba mwongozaji amechagua kwa makini nani aone mabadiliko yale. Anayeyaona ni shemasi, aliyekuja na mundu mkononi na uamuzi kichwani, na mzee anamwambia waziwazi kwamba hakuna analoweza kusema litakalomfanya abadili mawazo. Wakati huohuo mganga Il-gwang, Mkorea aliyekaribishwa kwa heshima, akalipwa fedha nyingi na kupiga ngoma zake uani mwa Jong-goo, anaonekana naye akipiga picha maiti za familia. Huyo aliingia kwa mlango wa mbele. Hakuna aliyemshuku kwa sababu alizungumza lugha yao na alijua pa kuinama. Mtu anayeitazama filamu hii na kukumbuka Mjapani tu amemsahau aliyepewa funguo za nyumba. Wakorea wenyewe, niongeze, hawakumwona mwigizaji Jun Kunimura kama adui: mwaka huohuo walimpa Blue Dragon, tuzo kubwa ya sinema ya Korea, ya mwigizaji msaidizi bora, akiwa mgeni wa kwanza kuipata.

Mtindo huu wa kumgeukia mwenyeji haukuanza na Na Hong-jin. Mwaka 1960 Kim Ki-young alitoa The Housemaid, filamu ambayo waongozaji wa Korea hadi leo wanaitaja kama mama yao. Mwalimu wa muziki na mkewe mshonaji wamejinyima mpaka wamejenga nyumba ya ghorofa. Kazi zimezidi, wanaleta msichana wa kazi, na msichana huyo anaingiza kifo. Kwa juu juu ni hadithi ya hatari ya mgeni wa tabaka la chini. Ukitulia unaona kwamba sumu ya panya ilikuwa kabatini kabla yake, kwamba mwenye nyumba ndiye aliyemtia mimba, na kwamba mke ndiye aliyemshawishi ajiangushe ngazini ili mimba itoke, alimradi heshima ya nyumba mpya isivunjike. Halafu kuna A Tale of Two Sisters ya Kim Jee-woon, ya mwaka 2003, iliyochukua ngano ya kale ya Janghwa na Hongryeon, mabinti walioangamizwa na mama wa kambo. Kila jamii ina mama wa kambo wake katika ngano, na sisi tunaye. Kim Jee-woon anatuacha tumchukie mwanamke yule karibu filamu nzima, kisha anafichua kwamba muda mwingi tulikuwa tukitazama sura yake iliyoundwa akilini mwa binti mkubwa, aliyeshindwa kuubeba msiba wa mama na mdogo wake. Mama wa kambo halisi ana hatia yake, na si ndogo. Lakini lile jitu lililotutisha lilitengenezwa ndani ya nyumba, na binti wa nyumba.

Katika Train to Busan ya Yeon Sang-ho, iliyotoka 2016 na kuuza tiketi zaidi ya milioni 11, mgeni anazaliwa ndani ya saa moja. Hakuna taifa jingine humo. Kuna abiria waliopanda treni moja asubuhi moja, wenye tiketi sawa. Kundi dogo linapita mabehewa yaliyojaa wafu ili liungane na wenzao mbele, na wale wa mbele, wakiongozwa na mzee mmoja mwenye suti, wanaukaza mlango na kuuzuia. Wakishaingia kwa nguvu wanaambiwa wameambukizwa, wanafukuziwa kwenye kibaraza cha behewa, na mlango unafungwa kwa nguo nyuma yao. Baada ya hapo bibi mmoja, aliyemwona dada yake upande wa pili wa kioo akiwa ameshageuka, anaufungua mlango wa wafu na kuwaachia waliojifungia. Ni tukio la dakika chache, na limeeleza jinsi watu wanavyotengwa kuliko hotuba nyingi nilizosikia juu ya jambo hilo.

The Host ya Bong Joon-ho, ya 2006, inatajwa kama ushahidi wa chuki dhidi ya Marekani. Ni kweli inaanza katika kambi ya jeshi la Marekani Yongsan, ambapo daktari Mmarekani anamwamuru msaidizi wake Mkorea amwage formaldehaidi, dawa ya kuhifadhia maiti, kwenye sinki, eti chupa zimeshika vumbi. Lakini kosa hilo halikubuniwa: mwaka 2000 dawa hiyo ilimwagwa kweli katika kambi ile na jambo likawa kashfa ya taifa. Kulikumbuka tukio lililotokea hakumfanyi mtu awe mbaguzi. Na ukiendelea kutazama, unaona familia maskini ya muuza vitafunwa kando ya mto Han ikikimbizwa na dola yake yenyewe, kwa ajili ya virusi ambavyo havipo. Hatari kwao ni mnyama aliye mtoni. Hatari kwa dola ni wao.

Sasa kwenye filamu inayonipa taabu. Exhuma ya Jang Jae-hyun ilitoka Februari 2024 na kupita watazamaji milioni 11, katika nchi ya watu takriban milioni 51. Familia tajiri ya Kikorea inayoishi Los Angeles ina mtoto anayelia bila kukoma. Waganga wawili vijana wanaitwa, wanagundua kwamba babu analalamika kaburini, na kaburi linafukuliwa mlimani. Chini ya jeneza la babu kuna jeneza jingine, refu kuliko mtu, lililosimamishwa wima. Ndani yake mna pepo wa shujaa wa Kijapani aliyezikwa awe kigingi cha kuuvunja mgongo wa nchi. Hapa hakuna utata wa Gokseong. Pepo ni mwovu, ni mgeni, lazima aangamizwe, na wanaomwangamiza wamepewa majina ya wapigania uhuru. Imani ya vigingi vya chuma vilivyopigiliwa na wakoloni milimani ni ya zamani. Mwaka 1995, miaka 50 baada ya uhuru, serikali ya Kim Young-sam ilifanya kampeni ya kuving'oa, ingawa wanahistoria wameeleza kwamba vingi vilikuwa alama za wapima ardhi. Filamu inalijua hilo, maana mhusika mmoja anasema karibu vyote ni vya uongo, lakini inaamua kuishikilia asilimia ndogo inayobaki. Naona huo ni udhaifu. Nusu ya pili ya Exhuma inampa mtazamaji adui wa nje ambaye hahitaji kufikiriwa, na filamu iliyoanza kwa akili inamalizika kwa mapigano.

Hata hivyo nusu ya kwanza haifutiki. Nani alilazwa juu ya pepo yule? Babu, kibaraka, Mkorea aliyetajirika kwa kuwatumikia wakoloni, ambaye wajukuu zake bado wanakula matunda ya usaliti wake ng'ambo ya bahari na kuficha jina lake kaburini. Kikulacho ki nguoni mwako: pepo wa kigeni alihitaji mwili wa mwenyeji umfunike. Ndiyo maana filamu iliwakera baadhi ya wahafidhina wa Seoul, walioiita ya mrengo wa kushoto. Wasingeikasirikia filamu inayomsema vibaya Mjapani tu. Kilichochoma ni kuulizwa mali ya baadhi ya koo ilitoka wapi.

Hoja dhaifu kuliko zote, na inayopendwa kuliko zote, ni ile ya damu. Wanasema Wakorea ni taifa la damu moja, wamejifungia kwa maelfu ya miaka, hivyo kuogopa mgeni ni asili yao na sinema inaidhihirisha tu. Maelezo haya hayaelezi kitu. Kwanza, Wakorea wenyewe wamehifadhi, katika kitabu cha karne ya 13 kiitwacho Samguk Yusa, hadithi ya Heo Hwang-ok, binti mfalme aliyekuja kwa jahazi kutoka nchi ya mbali iitwayo Ayuta, ambayo wengi wanaihusisha na India, akaolewa na mfalme wa Gaya, ufalme wa kale wa Korea. Na ukoo wa Kim wa Gimhae, miongoni mwa mikubwa kabisa nchini, unajivunia kumwita bibi. Iwe historia au ngano, watu wanaoogopa wageni kwa asili hawajichagulii bibi wa kigeni. Pili, fahari ya damu moja ilipata nguvu zake mwanzoni mwa karne ya 20, wakati taifa lilipokuwa likimezwa na Japani, ukoloni uliodumu kuanzia 1910 hadi 1945. Ilikuwa silaha ya wanyonge kabla haijawa kisingizio cha wenye nguvu. Na tatu, Wakorea wanajua kuwa upande wa pili wa uvumi ni nini. Septemba 1923, baada ya tetemeko kubwa la Kanto, ilienezwa Tokyo na Yokohama kwamba Wakorea wanatia sumu visimani. Raia waliojiita walinzi, pamoja na polisi na askari, waliwaua Wakorea kwa maelfu. Huwezi kuitazama Gokseong ya The Wailing, ambako kijiji kizima kinanong'ona kwamba mgeni ameleta ugonjwa, bila kukumbuka kwamba mataifa yamebadilishana nafasi. Sijui kama Na Hong-jin alikusudia hivyo, lakini kumbukumbu hiyo ipo, na inaiponda hoja ya damu.

Basi chuki ilipo ni wapi? Iko kwenye filamu za uhalifu, zile za mapigano na vichekesho zinazotazamwa na familia nzima siku za sikukuu. Mwaka 2017 filamu mbili zilizopendwa sana, Midnight Runners na The Outlaws, ziliwachora Joseonjok, yaani Wachina wenye asili ya Korea, kama magenge ya visu, na mitaa yao kama mahali ambapo polisi wanaogopa kukanyaga. Daerim-dong, wanakoishi Joseonjok wengi, ni mtaa wa watu wanaofanya kazi viwandani, mikahawani na katika nyumba za kulelea wazee. Wakazi walipinga, wengine wakaenda mahakamani dhidi ya watayarishaji wa Midnight Runners, na mwaka 2020 mahakama ya Seoul ilipendekeza waombwe radhi. Katika filamu hizo hakuna anayeuliza kama askari amekosea. Mgeni ni mhalifu, anapigwa, ukumbi unacheka, taa zinawaka. Mwaka uliofuata, 2018, Wayemeni wapatao 500 waliokimbia vita walifika kisiwa cha Jeju, na waraka wa kuipinga hifadhi yao ulisainiwa na watu zaidi ya 700,000. Sidai kwamba filamu ndizo zilizosaini. Nasema kwamba anayetafuta mahali ambapo picha ya mgeni kama jambazi inakaririwa bila swali, akatafute kwenye vichekesho hivyo, na si kwa Na Hong-jin. Na si bahati mbaya kwamba mwaka 2025 waandamanaji waliichagua Daerim-dong.

Kutoka hapa naona jambo ambalo watetezi wa filamu za kutisha, mimi nikiwemo, lazima tulikubali. Kumweka mwenyeji kizimbani ni hatua kubwa, lakini bado kisa ni cha mwenyeji. Mzee wa Gokseong hana jina. Hatujui alikula nini asubuhi, alimlilia nani, aliogopa nini waliposikika wakipanda mlima. Tunakaa na Jong-goo mwanzo hadi mwisho, na hata toba ni yake. Korea Kusini ya leo ina wakazi wa kigeni zaidi ya milioni 2.5, na wengi wamekwenda kufanya kazi ambazo vijana wa Kikorea hawazitaki. Desemba 2020, katika baridi kali, mfanyakazi mwanamke kutoka Cambodia alikutwa amekufa katika makazi ya wafanyakazi ndani ya banda la plastiki la kilimo huko Pocheon. Juni 24, 2024, kiwanda cha betri cha Aricell huko Hwaseong kiliungua na kuua watu 23, na 18 kati yao walikuwa wageni, karibu wote Wachina. Hizo ni habari za kutisha kwa maana kamili ya neno, zina giza, zina mlango usiofunguka, zina mwenye nyumba asiyesikia.

Sijaona filamu ya kutisha ya Korea yenye watazamaji wa kiasi cha Exhuma iliyomweka mtu wa namna hiyo katikati, kamera ikiwa begani kwake. Waongozaji wa Korea wana ufundi wote unaohitajika, na urithi wa The Housemaid unawaruhusu. Atakayeithubutu hatalazimika kubuni pepo. Atahitaji kukaa msimu mmoja wa baridi kwenye mabanda ya Pocheon akiwa na mkalimani wa Kikhmer, lugha ya Cambodia, na mfadhili ambaye hataomba, picha ikikaribia mwisho, askari mwema wa Kikorea aingizwe aje kuokoa watu.